Nusu Shari Haikutupa Heri



Tangu mwezi wa Desemba 2025, kila tunapokaa nanyi baada ya misa, au katika mikutano ya Xaveri, ya Kizito-Anuarite na ya Kiro, mazungumzo huanzia popote lakini huishia mahali pamoja: Washington na Doha. Mmoja husema Wamarekani watatuletea amani kwa sababu wanayataka madini yetu. Mwingine husema Qatar ndiyo itakayowaweza. Na karibu kila mara hutokea mmoja, kwa kawaida aliye mkubwa kuliko wenzake, akaufunga mjadala kwa methali ambayo sote tulifundishwa shuleni: heri nusu shari kuliko shari kamili. Wapewe vyeo wanavyovitaka, wapewe mkoa mmoja au miwili waitawale, wasamehewe yote, mradi banki zifunguliwe, uwanja wa ndege wa Kavumu ufanye kazi, na mama zetu wapate usingizi.

Methali hiyo tunaiheshimu, na uchovu ulio nyuma yake tunaujua, kwa maana ni uchovu wetu pia. Hata hivyo tunauandika ukurasa huu ili kuipinga. Hatupingi mazungumzo. Mkristu hawezi kuyapinga mazungumzo, na anayewahimiza vijana wetu waende kufa huku yeye amekaa mbali hana haki ya kuitwa mzalendo. Tunachopinga ni aina ya amani ambayo humlipa mwenye bunduki kwa sababu ya bunduki yake. Amani ya namna hiyo tumeshainunua mara nyingi, kwa bei kubwa, na kila mara ile nusu shari imezaa shari kamili.

Wengi wenu mlizaliwa baada ya 2005, hamkuyaona yaliyotangulia. Basi tuhesabu pamoja.

Mwezi wa Julai 1999 nchi zilizokuwa na majeshi katika ardhi yetu zilisaini mkataba wa Lusaka. Mwaka mmoja haukutimia, na mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana siku sita ndani ya mji wa Kisangani, na waliozikwa walikuwa Wakongomani. Mwaka 2002 yalifuata mazungumzo ya Sun City na mikataba ya Pretoria, na mwaka 2003 ikazaliwa serikali ya mpito yenye rais mmoja na makamu wanne. Wakuu wa vikundi vya silaha waligawiwa wizara na vyeo vya ujenerali. Dunia ilishangilia. Lakini katika ugawaji ule hakuna aliyekuwa na fungu kwa ajili ya Kasika, ambako mwezi wa Agosti 1998 watu waliuawa pamoja na padri wao na masista, wala kwa ajili ya Makobola, ambako mauaji mengine yalifuata mwishoni mwa mwaka ule ule.

Tarehe 2 Juni 2004 Bukavu ilitekwa. Na nani? Jules Mutebutsi alikuwa tayari kanali wa jeshi jipya la taifa, hapa hapa mjini. Laurent Nkunda alikuwa ametajwa kuwa jenerali katika jeshi hilo hilo. Walikwisha kulipwa kwa cheo, na bado waligeuza silaha. Nyumba na maduka yaliporwa, na wanawake na wasichana wa mitaa yetu walitendewa mambo ambayo hatutayaandika hapa, kwa sababu baadhi yao ni mama zenu.

Mwezi wa Januari 2008 ulifanyika mkutano mkubwa wa Goma, na vikundi vya silaha zaidi ya ishirini vikasaini ahadi za amani. Kabla mwaka haujaisha, wapiganaji wa Nkunda walikuwa wamefika karibu na malango ya Goma. Tarehe 23 Machi 2009 ukasainiwa mkataba mwingine, na wapiganaji wa CNDP wakaingizwa katika jeshi la taifa pamoja na vyeo vyao. Miongoni mwao alikuwa Bosco Ntaganda, ambaye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imekwisha kutoa hati ya kumkamata. Tuliambiwa tusiulize: amani kwanza, haki baadaye. Miaka mitatu baadaye, maafisa wale wale waliasi, wakasema kwamba ahadi za tarehe ile hazikutimizwa, wakajiita M23. Tafakarini jambo hilo, vijana: tarehe ya mkataba wa amani iligeuka kuwa jina la vita.

Goma ilianguka tarehe 20 Novemba 2012. Wakati huo nchi kadhaa zilizokuwa zikiisaidia Rwanda zilisimamisha sehemu ya misaada yao, Umoja wa Mataifa ukaunda kikosi chenye ruhusa ya kupigana, na mwezi wa Novemba 2013 uasi ule ulikwisha. Tunalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu kuna wanaowaambia kwamba dunia haina uwezo juu ya vita hivi. Uwezo inao, mwaka 2013 ulionekana. Ila baada ya ushindi ule dunia ilikwenda kulala. Tamko la Nairobi la Desemba 2013 lilibaki katika makabrasha, wengi wa wapiganaji wakaachwa katika makambi ya Uganda na Rwanda, na hakuna jukwaa la haki lililosimamishwa hapa Kivu. Mwezi wa Novemba 2021 moto uliwaka upya. Mwishoni mwa Januari 2025 ikaanguka Goma. Katikati ya Februari ilikuwa zamu yetu.

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa mapema kwamba darasa halisomi sheria zilizobandikwa ukutani. Darasa husoma kile kinachompata aliyezivunja. Mwalimu akimpa zawadi mwanafunzi aliyevunja kioo ili asivunje kingine, kesho yake asishangae kukuta vioo vyote vimevunjika, tena vimevunjwa na watoto waliokuwa wapole. Ndivyo ilivyotendeka katika milima yetu. Kijana wa Fizi, wa Shabunda au wa Masisi ameona kwa macho yake kwamba aliyelima hakupata barabara, aliyesoma hakupata kazi, na aliyechoma kijiji aliitwa hotelini kwenda kujadiliana, akarudi na nyota mabegani. Mkataba wa namna hiyo ni shule, na wahitimu wake ni vikundi vya silaha zaidi ya mia moja vinavyohesabiwa leo mashariki ya nchi.

Sasa tuje kwenye mikataba ya leo. Hatusemi ichanwe. Ule wa Washington, uliosainiwa na mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda tarehe 27 Juni 2025, una maneno ambayo tumeyangoja miaka mingi: kuheshimu mipaka, kuacha kuvisaidia vikundi vya silaha, kuliondoa kundi la FDLR, na Rwanda kuondoa kile inachokiita hatua zake za kujikinga. Azimio la 2773 la Baraza la Usalama, lililopitishwa kwa kura zote tarehe 21 Februari 2025, lilikuwa limekwisha kuliita jambo kwa jina lake, likiitaka Rwanda iache kuisaidia M23 na kuliondoa jeshi lake katika ardhi ya Kongo. Kwa hayo tunashukuru.

Lakini tuangalie mpangilio wake. Washington wanakaa marais. Doha wanakaa serikali na muungano wa AFC/M23. Meza ni mbili, na aliye kwenye hii anaweza kila mara kusema kwamba tatizo liko kwenye ile. Tarehe 4 Desemba 2025 marais wawili waliuthibitisha mkataba mbele ya rais wa Marekani, na siku hiyo hiyo Kinshasa na Washington zikasaini ushirikiano juu ya madini. Hazikupita siku saba, wapiganaji wakaingia Uvira, na maelfu ya ndugu zetu wakakimbilia Burundi. Baadaye kundi lilitangaza kwamba litaondoka kwa ombi la Marekani. Tazameni basi: neno moja kutoka ng'ambo laweza kuwafanya watangaze kuondoka mjini. Mbona neno hilo halikusemwa kabla hawajaingia?

Jibu letu ni chungu. Rafiki aliyekuja kwa ajili ya mgodi ataupima urafiki wake kwa mgodi. Hatuwalaumu Wamarekani kwa kuyapenda madini, wala hatusemi kwamba wao ni wabaya kuliko wengine. Umoja wa Ulaya nao ulisaini maelewano ya madini na Rwanda mwezi wa Februari 2024, kisha Machi 2025 ukawawekea vikwazo maafisa wa jeshi la Rwanda na kiwanda kimoja cha kusafishia dhahabu cha Kigali. Mkono wa kwanza ulinunua, wa pili ukakaripia. Tunawalaumu wakubwa wetu, na tunajilaumu sisi wenyewe, tunaposhangilia kana kwamba mkataba wa biashara ni mkataba wa amani. Mwaka 1963, katika waraka wake Pacem in Terris, Papa Yohane XXIII aliiweka amani juu ya nguzo nne: ukweli, haki, upendo na uhuru. Hakutaja koltani.

Tunajua mtatujibu nini.

Mtasema: pasipo msamaha hakuna atakayeweka bunduki chini. Hoja hii ina uzito, na tunaikubali kwa sehemu. Kijana aliyechukuliwa kwa nguvu, au aliyeingia msituni kwa njaa, lazima apewe mlango wa kurudi nyumbani, shule na chombo cha kazi. Kanisa litakuwa la kwanza kumpokea. Lakini msamaha wa mtu mdogo usigeuzwe pazia la kumfichia mkubwa aliyetoa amri. Isitoshe, kusamehe ni haki ya aliyeumizwa. Waziri hawezi kusamehe kwa niaba ya mama wa Kasika ambaye hajawahi hata kumwuliza jina.

Mtasema: haki haiwezekani katika nchi hii. Hapa tunawakatalia kabisa. Mwezi wa Desemba 2017, pale pale Kavumu, mahakama ya kijeshi ilikaa mbele ya wananchi na kumhukumu mbunge wa mkoa pamoja na watu wake kifungo cha maisha, kwa ubakaji wa wasichana wadogo karibu arobaini. Alikuwa na kinga ya bunge, alikuwa na wapiganaji, na familia zile hazikuwa na kitu. Hata hivyo, wazazi, madaktari wa Panzi, wanasheria na mahakimu walisimama pamoja, na hukumu ikapatikana. Bosco Ntaganda naye alihukumiwa The Hague mwaka 2019 kifungo cha miaka 30, na tangu alipojisalimisha mwaka 2013 hakuna kijiji kilichochomwa kwa amri yake. Mtatukumbusha habari za Thomas Lubanga, aliyemaliza kifungo chake, na mwaka 2025 akatangaza kundi jipya huko Ituri. Ni kweli, na inauma. Mahakama haibadilishi moyo. Hiyo ni kazi ya Mungu. Lakini mahakama humwambia kijana anayetazama kwamba njia ile ina mwisho mwingine mbali na nyota mabegani.

Mtasema pia: na usalama wa Rwanda je? Hapa tuwe wakweli hata kama ukweli unatuchoma. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yalitendeka, na waliotenda walikuja hata hapa kwetu na silaha zao. FDLR ni matunda ya mti ule. Limewaua na kuwabaka watu wetu katika misitu ya Kalehe, Walungu na Mwenga kabla ya kumtisha jirani yeyote, na majeshi ya nchi yetu yamewahi kushirikiana nalo vitani. Hiyo ni boriti yetu, na ni juu yetu kuitoa. Tena tuseme bila kugugumia: kijana wa parokia anayemtukana Mnyamulenge au Mtutsi wa Kongo kwa sababu ya sura yake, au anayefurahia anapochomewa nyumba, amekwisha kujiunga na vita, hata kama hana bunduki. Lakini hofu ya jirani, hata ikiwa ya kweli, haimpi ruhusa ya kuishi ndani ya nyumba yetu. Tukiikubali hoja hiyo leo, hakuna mpaka wowote Afrika utakaobaki salama kesho.

Na hatimaye wapo, hata miongoni mwa wazee wa kanisa, wanaotunong'onezea: hayo ni siasa, mwachieni Kaizari. Kwa hao tunajibu kwa majina mawili ambayo kila mkristu wa Bukavu anayajua. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa aliandika barua nyingi kwa viongozi wa dunia akiwaonya juu ya vita vilivyokuwa vinakuja, na wakati huo huo aliwatetea wakimbizi wa Rwanda ambao wengi hawakutaka hata kuwatazama. Aliuawa mjini mwetu tarehe 29 Oktoba 1996. Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, aliandika ujumbe wa Noeli mwaka 1999 akiukemea unyonyaji wa watu wake. Mwezi wa Februari 2000 alizuiwa kurudi jimboni, akafukuziwa Butembo miezi saba, akarudi Septemba, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo akafariki Roma. Sisi ambao leo tuna mvi tulikuwa vijana wakati huo, na tulilia katika kanisa kuu ambalo, kwa maana isiyo ya bahati tu, limewekwa chini ya Bikira Maria wa Amani. Maaskofu hao hawakutafuta cheo. Walikataa tu kuiita amani kile ambacho hakikuwa amani, kama nabii Yeremia alivyokataa mbele ya makuhani wa siku zake.

Njia hiyo haijafungwa. Mwezi wa Januari 2025 maaskofu wetu wa CENCO pamoja na ndugu zetu Waprotestanti wa ECC walitangaza mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani na kuishi pamoja vema. Walikwenda kwa rais, walikwenda Goma kwa wakuu wa AFC/M23, walikwenda Kigali. Walitukanwa na pande zote, na hiyo kwa kawaida ni dalili kwamba mtu amesimama mahali panapofaa. Meza yao ndiyo inayokosekana Washington na Doha: meza ambamo Wakongomani wanaambiana ukweli, na wajane wana kiti.

Basi madai yetu tunayasema wazi, ili mkiulizwa mjue la kujibu. Asiwepo hata mmoja anayepewa cheo cha jeshi au cha serikali kama bei ya kunyamazisha bunduki. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili kati ya 1993 na 2003, itoke kabatini na ifikishwe mbele ya mahakimu, pamoja na yote yaliyotendeka tangu hapo na pande zote, jeshi letu na Wazalendo wakiwamo. Nchi za kigeni zinazosema zinatupenda zitumie uwezo ule ule wa mwaka 2013, tena zisilale baada ya juma moja. Na ardhi ya Kongo isikatwe vipande ili kumtuliza yeyote.

Mtasema: sisi ni vijana wa Kadutu na Bagira, hata kalamu ya kusaini hatuna. Tunawakumbusha Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Alikuwa kijana wa Goma, mfanyakazi katika ukaguzi wa bidhaa. Aliletewa fedha ili auruhusu mchele ulioharibika upite na kuliwa na maskini. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 aliuawa, akiwa na miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri huko Roma, wakati mji wake ukiwa mikononi mwa wenye silaha. Alikuwa na mhuri mmoja tu, na hakukubali kuupiga juu ya kitu kilichooza. Ninyi nanyi mna mhuri wenu: ni ndiyo yenu na hapana yenu. Mkiletewa amani iliyooza na kuombwa mshangilie, msiupige.

Mungu wa amani awalinde, pamoja na wale wote waliolala nje ya nyumba zao usiku huu.

Kwa tafakari katika vikundi:

1. Katika familia yetu, ni nani aliyeumizwa na vita ambaye hajawahi kuulizwa anataka haki gani? Twende tumsikilize kabla ya mkutano ujao.

2. Ni maneno gani tunayoyatumia juu ya jirani zetu ambayo yanaichochea vita badala ya kuizima?

3. Ni mahali gani, shuleni, sokoni au kazini, ambapo sisi wenyewe humlipa mkorofi ili atuache?